Msingi na Sakafu: Chumba cha Kuongeza Kisije Kikapasuka



Malipo ya miwa, tumbaku au mahindi yakifika mkononi, mwenye nyumba huanza kufikiri habari ya chumba kimoja cha kuongeza. Watoto wamekua, magunia yanalala barazani, na mgeni akija hana mahali pa kulala. Wazo hilo ni jema. Lakini katika Migori na Homa Bay utaona nyumba ambazo chumba cha zamani kimesimama, cha nyuma kimeinama, na katikati yake pana ufa unaopitisha mkono. Mwenyewe husema fundi alikuwa mbaya, au saruji haikutosha. Mara nyingi kosa liko chini ya ardhi, ambako hakuna aliyetazama.

Makala hii yakueleza namna ya kutengeneza msingi na sakafu ya chumba cha futi 12 kwa futi 10 kinachoungana na nyumba uliyo nayo. Sehemu kubwa ya kazi waweza kuifanya wewe na jamaa zako. Fundi mumwite kwa kupanga mawe na kulainisha sakafu. Kabla ya yote, uliza ofisi ya mipango ya kaunti juu ya ruhusa ya kujenga, maana sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi yataka hivyo.

UJUE UDONGO WAKO

Huko juu, upande wa Rongo na Awendo, sehemu nyingi zina udongo mwekundu usiotuamisha maji. Huo si msumbufu. Lakini katika Bonde la Lambwe, na katika sehemu nyingi za chini kuelekea ziwani, kuna udongo mweusi ambao watu wengi huuita udongo wa pamba. Mvua ikinyesha huvimba na kushika jembe; kiangazi kikija hukauka na kupasuka nyufa zinazomeza kidole. Ukivimba huinua nyumba, ukinywea huiacha bila tegemeo. Hakuna saruji iwezayo kushindana nao mwaka baada ya mwaka. Kama wewe au wazazi wako mlihamia kwenye skimu kutoka mahali pa udongo mwekundu, jihadharini: msingi wa futi moja na nusu uliotosha huko hautatosha hapa.

Basi chimba mashimo mawili ya kujaribia, kila moja mahali patakapokuwa na pembe ya chumba, yafike kina cha futi 5. Ukikuta moramu au mwamba kabla ya futi 4, una bahati. Utauchimba udongo mweusi na kuuondoa. Kama futi 5 zimekwisha na udongo bado ni mweusi, usiendelee kwa kubahatisha. Mwite afisa wa ujenzi wa kaunti, kwa kuwa msingi wa hapo huhitaji nondo zilizopangwa kwa hesabu.

Upande wa Nyatike kuna mambo mawili zaidi. Mto Kuja hufurika huko chini kabla ya kuingia ziwani, na mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiasi cha mwaka 1964 kilichokuwa kikitajwa na wazee. Usijenge mahali ambapo maji yalifika. Tena, kule Macalder na jirani zake watu wamechimba dhahabu kwa miaka mingi. Uliza wenyeji kama chini ya uwanja wako pana shimo la zamani lililofukiwa, maana udongo wa kufukia haubebi nyumba.

KUPIMA

Tazama sakafu ya zamani kwanza. Kwa mpira mwembamba wa kupitisha nuru uliojazwa maji, hamisha usawa wake mpaka kwenye vigingi vya nje. Sakafu mpya iwe sawa na ile ya zamani, au iizidi kwa ngazi moja. Isiwe chini, maana maji yatajikusanya humo. Tena iwe juu ya ardhi ya nje kwa futi moja isipungue.

Ili pembe iwe sawa, pima futi 6 kwenye kamba moja na futi 8 kwenye kamba ya pili. Kutoka alama hadi alama pakiwa futi 10 kamili, pembe ni sawa. Mikalitusi iliyo karibu na nyumba hunywa maji ya ardhini na kuzidisha kunywea kwa udongo mweusi. Kwa hiyo chumba kiwe mbali nayo, angalau kwa kadiri ya urefu wa mti.

KUCHIMBA

Chumba hiki kina kuta tatu mpya, jumla futi 32, kwa kuwa ukuta wa nne ni wa nyumba ya zamani. Mfereji uwe na upana wa futi 2, nawe uuchimbe hadi ardhi ngumu. Chini yake pawe tambarare. Kama ardhi ina mteremko, fanya ngazi, usifuate mteremko.

Palipo na udongo mweusi, mfereji peke yake hautoshi. Utoe udongo wote mweusi ndani ya chumba, ujaze moramu kwa matabaka ya inchi 6, na kila tabaka ulinyunyizie maji na kulishindilia. Ni kazi ya sururu na jasho, lakini jasho halinunuliwi dukani. Wengi huiacha kazi hii, ndipo sakafu huvimba katikati kama mgongo wa kobe. Udongo uliotolewa usirudishwe chini ya chumba wala kando ya msingi; upeleke shambani.

Karibu na ukuta wa zamani uwe mwangalifu sana. Msingi wake pengine ni mfupi kuliko mfereji wako, nao ukiuchimba wote kwa mara moja, nyumba yaweza kuangukia watu. Chimba kipande cha futi 3 tu, ukijaze na kukishindilia siku hiyo hiyo, kisha ndipo ufungue kipande kingine. Watoto wasicheze hapo.

Chagua wakati usio wa mvua kubwa, yaani usianze Machi wala Aprili. Tena usiache mfereji wazi kwa majuma. Ukishafika ardhi ngumu, mwaga zege upesi, kabla udongo haujalowa wala kukauka mno.

ZEGE YA MSINGI

Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa futi 1, upana wa futi 1 na kina cha inchi 15. Sanduku hili huchukua saruji ya mfuko mmoja wa kilo 50. Kwa msingi, changanya mfuko 1 wa saruji, masanduku 3 ya mchanga na masanduku 6 ya kokoto. Pima kila mara kwa sanduku. Sepetu si kipimo.

Mchanga wa mtoni au wa ziwani uujaribu. Utie katika chupa ya kioo mpaka nusu, ongeza maji, tikisa, uache saa 3. Tope likikaa juu na kuzidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe mchanga huo au utafute mwingine. Maji ya kuchanganyia yasizidi debe moja na nusu kwa mfuko, na mchanga ukiwa na unyevu yapungue. Zege inayotiririka kama uji ni rahisi kumwaga, lakini ikikauka haina nguvu.

Mwaga zege unene wa inchi 8, uishindilie ili isiwe na matundu, na uimwagilie maji kila siku. Baada ya siku 3 waweza kuanza kupanga mawe ya msingi, kwa mchanganyiko wa saruji 1 na mchanga 4. Ukuta wa msingi ukifika usawa wa sakafu, tandika juu yake ukanda wa lami wa kuzuia unyevu kabla ya kuendelea na ukuta wa juu.

MAHALI PA KUUNGANISHA

Hapa ndipo wengi hukosea. Hutoboa ukuta wa zamani na kuingiza mawe ya ukuta mpya ili vishikamane. Lakini nyumba ya zamani imekwisha kutulia, na chumba kipya bado hakijatulia. Kitashuka kidogo, nacho kikiwa kimefungwa kitaurarua ukuta. Acha nafasi ya nusu inchi kutoka msingi hadi juu, uijaze kitu laini kilichopakwa lami, kisha uifunike kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Sakafu nayo uitenge na ukuta wa zamani vivyo hivyo. Ufa ulioupanga mwenyewe hautakusumbua.

SAKAFU

Juu ya moramu iliyoshindiliwa panga mawe magumu, uyavunje na kuyashindilia kwa tabaka mbili mpaka unene wa inchi 9. Usitie vipande vya miti humo, maana ni karamu ya mchwa. Juu ya mawe tandaza inchi 2 za moramu laini ili vichongo visitoboe nailoni. Kama mchwa ni wengi, uliza afisa wa kilimo dawa iliyoidhinishwa na namna ya kuitumia. Dawa za zamani za aldrin na dieldrin usizitumie hata ukipewa bure; zimo katika zile zilizokatazwa kwa mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu hukaa katika udongo na katika mwili wa binadamu muda mrefu.

Kisha tandika karatasi nene ya nailoni, geji 1000, na mahali pa kuungana ipandane kwa futi 1. Juu yake mwaga zege ya inchi 4: mfuko 1 wa saruji, masanduku 2 ya mchanga, masanduku 4 ya kokoto. Ukipata wavu wa chuma, uweke karibu na juu, inchi moja na nusu chini ya uso. Ukilala juu ya nailoni haufanyi kazi. Ifunike sakafu kwa magunia au majani ya migomba na uimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Mwisho fundi apake inchi 1 ya saruji 1 na mchanga 4, ailainishe kwa mwiko.

HESABU YA SARUJI

Zege ya msingi: mifuko 6. Mawe ya msingi: mifuko 3. Zege ya sakafu: mifuko 8. Kulainisha juu: mifuko 3. Jumla ni mifuko 20. Mawe ya kujazia sakafu ni futi 90 za ujazo yakiisha kushindiliwa. Uliza bei madukani, uone kama fedha yako yatosha. Kama haitoshi, usipunguze msingi. Maliza msingi na kuta mwaka huu, ukae juu ya moramu iliyoshindiliwa vizuri, na zege ya sakafu uimwage baada ya mavuno mengine. Sakafu yaweza kungoja. Msingi hauwezi kurudiwa nyumba ikiwa juu yake.

FAIDA YAKE

Sakafu ngumu si pambo. Funza huzaliana katika vumbi, na mayai ya minyoo hukaa katika udongo ambamo mtoto hutambaa. Huko Mexico serikali iliwamwagia watu maskini sakafu za saruji katika mradi ulioitwa Piso Firme. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba, pale sakafu yote ya udongo ilipobadilishwa kuwa ya saruji, minyoo na vijidudu vya tumbo kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78 na kuharisha kwa asilimia 49. Magunia ya mahindi, hata hivyo, yaweke juu ya vichanja vya miti, kwa kuwa saruji nayo hutoa ubaridi na unyevu.

Kazi ikiisha, zungusha nje ya chumba ukingo wa saruji wa futi 3, wenye mteremko wa inchi 1 kwa kila futi, ili maji ya paa yaende mbali. Tia mfereji wa bati na tangi ukiweza; maji yale yale yatakayoharibu msingi yatanywesha ng'ombe wako. Kila baada ya mvua zunguka nyumba ukitazama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mifuko 20 ni malipo ya msimu mzima. Chukua sururu leo, uchimbe yale mashimo mawili ya kujaribia, kabla hujanunua hata mfuko mmoja.