Mwalimu, Unajua Kilichomo Kwenye Faili Lako?

Mwaka 2005, katika eneo la West Nile nchini Uganda, Koboko ilimegwa kutoka Arua ikawa wilaya inayojitegemea. Maracha ikafuata mwaka 2010, Madi-Okollo 2019, na 2020 Terego nayo ikapata wilaya yake huku mji wa Arua ukipandishwa kuwa jiji. Walimu wa shule za msingi waliendelea kufundisha palepale walipokuwa. Aliyebadilika ni mwajiri, na mafaili yao yakalazimika kumfuata kwenye masijala mpya. Mwalimu aliyeajiriwa na Arua miaka ya 1990, na leo ni mtumishi wa Koboko, cheo chake, mshahara wake na pensheni yake vyote vimelala ndani ya jalada la karatasi ambalo pengine hajapata kulifungua hata siku moja.

Namsihi alifungue. Watu wengi wakisikia ubaguzi kazini huwaza tusi la bosi au mlango uliofungwa siku ya usaili. Katika utumishi wa umma ubaguzi hupita zaidi kwenye karatasi: barua ya kuthibitishwa kazini isiyoonekana, tarehe zisizolingana, cheti cha daktari kilichosomwa na mtu asiyehusika.

Mwalimu wa msingi huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi ya wilaya. Wa sekondari za serikali hupitia Tume ya Utumishi wa Elimu iliyoko Kampala. Faili la wa kwanza hukaa makao makuu ya wilaya, na mara nyingi mwalimu mkuu naye huwa na nakala zake shuleni. Ndani huwekwa barua ya ajira, vyeti, fomu za tathmini ya kila mwaka, barua za uhamisho, za likizo na za onyo. Ukilifungua, usikimbilie kusoma barua. Tazama kona ya juu ya kila karatasi. Masijala inayofanya kazi yake vizuri huzipa karatasi namba kwa mfuatano, kwa hiyo ukikuta 14 kisha 16, kuna kilichotolewa, na una haki ya kuuliza kimekwenda wapi.

Haki hiyo imeandikwa. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 imekwenda mbali zaidi: unaweza kumuuliza anayetunza taarifa zako ana nini juu yako na amempa nani, kisha ukadai palipokosewa pasahihishwe. Serikali haihitaji ridhaa yako ili kutunza kumbukumbu za kazi yako, kwa kuwa sheria yenyewe inailazimu kuzitunza. Hata hivyo lililokusanywa kwa ajili ya mshahara lisigeuzwe kuwa umbeya wa chumba cha walimu.

Hapo ndipo orodha za mishahara zinaponitia wasiwasi. Ili kuwaumbua watumishi hewa, serikali imezitaka wilaya zibandike orodha hizo kwenye mbao za matangazo, na mimi naunga mkono, maana fedha ni za umma. Jina, shule, ngazi ya mshahara: hayo yasomwe na kila mpita njia. Lakini makato ya mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo yanapobandikwa kwenye safu ya pili, umma haufaidiki lolote. Sheria ya 2019 inahesabu taarifa za fedha za mtu kuwa taarifa nyeti, pamoja na afya, dini, msimamo wa kisiasa na maisha ya kujamiiana. Kabila halimo katika orodha hiyo. Katika West Nile hilo ni pengo kubwa, kwa sababu jina na mahali pa kuzaliwa vinatosha kumwonyesha msomaji kama mwombaji ni Mkakwa, Mlugbara, Mmadi au Mnubi, na malalamiko kwamba tume za wilaya huwapendelea wenyeji yamezagaa nchi nzima. Ibara ya 21 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kabila, lakini inamfikia mtu baada ya kubaguliwa.

Suala linaloniuma kuliko yote ni la tarehe na majina. Utawala wa Idi Amin ulipoangushwa mwaka 1979, na mapigano yakafuata, watu wengi wa Koboko na Arua walikimbilia Sudan na Zaire. Kuna walimu walio darasani leo waliozaliwa huko, upande wa Yei au wa Aru, wakarudi wakibebwa mgongoni bila cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliandikishwa shule kwa jina la nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la saba kwa jina la ubatizo au la Kiislamu, na mwaka wake wa kuzaliwa ukakisiwa na mjomba. Alipojiandikisha kwa kitambulisho cha taifa, zoezi lililoanza mwaka 2014, karani akapindua mpangilio wa majina.

Kisha kompyuta ikaambiwa ilinganishe. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipohakiki mishahara ya watumishi wa umma nchi nzima katika mwaka wa fedha 2022/23, kumbukumbu za waajiri zilipambanishwa na za NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na asiyelingana alitakiwa ajieleze. Kanuni ni moja kwa wote, na nia yake ni njema. Ila mzigo wake unamwelemea zaidi aliyezaliwa ukimbizini kuliko aliyezaliwa hospitalini Kampala. Katiba inazungumzia kutendewa tofauti. Sheria ya 2007 iliyounda Tume ya Fursa Sawa imekwenda mbali zaidi, ikahesabu kuwa ubaguzi hata kanuni au utaratibu ambao matokeo yake, moja kwa moja au kwa mzunguko, humnyima mtu fursa sawa. Kwa mwalimu wa mpakani, kifungu hicho kina thamani kuliko hotuba nyingi.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi, maana sheria iko wazi. Sheria ya UKIMWI ya 2014 inakataza kumnyima mtu kazi, kumhamisha au kumwachisha kwa sababu tu ana virusi au anadhaniwa kuwa navyo. Mwalimu mkuu anahitaji kujua kwamba mwalimu hatakuwepo Jumanne. Jina la kliniki halimhusu. Hati za daktari ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, mbali na jalada linalopita mezani kwa wajumbe wa kupandisha vyeo. Dini nayo iangaliwe vivyo hivyo. Shule nyingi za Arua na Koboko zilianzishwa na Wakatoliki, Waanglikana au Waislamu, na waanzilishi wana wajumbe kwenye kamati za shule. Kulinda maadili ya shule ni haki yao. Kuwaza kwamba mwalimu mkuu anayelipwa na serikali lazima asali nao ni jambo jingine, na Katiba hailikubali.

Aliyekwama aanze kwa barua kwa mtendaji mkuu wa wilaya, abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya walioajiriwa na tume za wilaya husikilizwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Ya faragha hupelekwa Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyo chini ya mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U. Ofisi ikikunyima taarifa ulizoomba chini ya sheria ya 2005, unaweza kumfikia hakimu mkuu. Ila wilaya zisingoje kushtakiwa. Kabla uhakiki mwingine haujaja, Koboko na wenzake waite walimu, shule kwa shule, kila mmoja asome faili lake mbele ya ofisa utumishi na kutia saini mahali anapoona pana kosa.