Kando ya Barabara Kuu Kuna Watu

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huu huwafariji wafiwa, lakini wazembe nao wameufanya kuwa mto wa kulalia. Ajali nyingi za barabarani zina chanzo kinachoonekana kwa macho, na chanzo kinachoonekana chaweza kuondolewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasiokuwa na bati la gari la kuwakinga.

MLIMA WA BUGARAMA

Kwa wakazi wa Bujumbura mfano ulio karibu ni Barabara ya Taifa Namba 1. Huondoka mjini, penye kimo cha mita 800 hivi, na katika safari isiyofika kilomita 40 huwa imekwisha kupanda hadi Bugarama, juu ya mita 2,000. Hapo hugawanyika: njia moja huenda Kayanza na mpaka wa Rwanda, nyingine Muramvya na Gitega. Kona zake ni kali. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde. Masika yakifika, ukungu hufunika lami na udongo huporomoka.

Katika njia hiyo nyembamba hupita malori, mabasi, wanafunzi, akina mama wenye vikapu vya mboga, na vijana wa baiskeli. Vijana hao huteremka mjini na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa. Wakati wa kurudi mlima huwashinda, basi hushika nyuma ya lori na kuvutwa hadi juu.

Si haki kuwaita wahuni. Baiskeli hiyo ndiyo inayonunua chumvi, daftari na dawa nyumbani. Hata hivyo hatari haijali sababu. Dereva hamwoni aliye nyuma ya tela. Lori likikosa nguvu hurudi nyuma. Likikwepa shimo ghafla, mwenye baiskeli hutupwa upande wa pili, uso kwa uso na gari linaloteremka. Naye ana mkono mmoja tu wa kuongozea baiskeli yake.

Kuwafukuza peke yake hakutoshi, maana kesho watarudi. Yafaa wajiunge vikundi na kuchanga fedha ili wakodi gari dogo la kuwarudishia baiskeli zao juu. Yafaa pia utingo atazame nyuma kabla lori halijaondoka, na askari wa barabarani wasimame kabla ya kona, mahali wanapoonekana, wala si ndani ya kona yenyewe.

Dereva naye asisahau kanuni ya zamani: gia ya kupandia ndiyo gia ya kushukia. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Lori likiharibika, alama ya hatari au matawi ya miti yawekwe mbali nalo, kabla ya kona. Likisha kutengenezwa, matawi na mawe yaliyozuia magurudumu yaondolewe. Jiwe lililoachwa njiani mchana huweza kumwua mwenye pikipiki usiku.

MTOTO AFUNDISHWE NJIA

Mwenda kwa miguu hana budi kuyakabili magari ili ayaone yanapokuja. Nchini Tanzania magari hupita kushoto, hivyo mtu hutembea upande wa kulia. Nchini Burundi magari hupita kulia, hivyo hutembea upande wa kushoto. Jambo hili ni kubwa kwa jamaa waliorudi kutoka Kigoma, ambao watoto wao walizoea kinyume. Maneno hayatoshi, mzazi amshike mtoto mkono, atembee naye hadi shuleni, amwonyeshe kwamba kabla ya kuvuka hutazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Akumbuke pia kuwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja, hata kabla mguu wa dereva haujagusa breki.

Nguo nazo zina kazi. Sare ya askari ilishonwa ili adui asimwone. Akitoka lindo alfajiri kando ya lami, dereva naye hamwoni. Kitambaa cheupe mkononi au tochi ndogo si aibu kwa askari.

SOMO LA SANGE

Ng'ambo ya mto Ruzizi, katika Kivu ya Kusini, kuna mji mdogo wa Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo. Watu walikimbilia kuchota, na wengine walikuwa jirani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, ukaua zaidi ya watu 200. Tarehe 10 Agosti 2019 msiba wa namna hiyo ulitokea Morogoro, Tanzania. Mafuta yaliyomwagika si riziki. Kila mzazi akataze ndoo isitoke nyumbani, na askari wa kwanza kufika awasogeze watu mbali kabla ya jambo lingine.

AJALI IKISHA KUTOKEA

Kwanza, watu wawili wapelekwe pande zote mbili za njia kusimamisha magari, ili ajali moja isizae ya pili. Jeraha linalotoka damu ligandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji, wala asivutwe kwa mikono na miguu kama gunia. Shingo na mgongo vilivyovunjika huharibika zaidi. Aondolewe upesi pale tu penye moto au hatari nyingine. Umati usimzunguke; anahitaji hewa na njia ya kupelekwa hospitali.

Serikali hujenga barabara na polisi huilinda, lakini hakuna askari anayeweza kusimama kwenye kila kona ya Bugarama. Baba anayemtuma mtoto dukani ng'ambo ya lami usiku, na mama anayepanga nyanya zake ukingoni mwa lami, wana neno la kusema juu ya nani atakayerudi nyumbani jioni.