Kupanga Sauti Zisizo za Muziki katika Seva ya Nyumbani

Seva ya nyumbani si mtambo wa ajabu. Ni kompyuta ya kawaida, mara nyingi iliyokwisha kuchoka kwa kazi nyingine, ambayo huwekewa diski kubwa na programu kama Jellyfin au Plex, kisha ikaachwa imewashwa ili simu na televisheni za nyumba nzima zipate humo picha na sauti. Wimbo ukiwekwa humo hutambulika mara moja. Masimulizi ya bibi, somo la mwalimu au mchezo wa redio vikiwekwa humo, aghalabu hupotea.

Sababu ni kwamba programu hizo hazisikilizi sauti ili kujua ni ya nani, bali husoma kibandiko kilichofichwa ndani ya faili. Kibandiko cha faili za MP3, kiitwacho ID3, kilibuniwa na Eric Kemp mwaka 1996 kwa ajili ya muziki. Kilikuwa na baiti 128 tu, mwishoni mwa faili: 3 za kukitambulisha, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na 1 ya aina ya muziki. Toleo la pili, la mwaka 1998, liliondoa ubahili huo, lakini nafasi kuu zilibaki zile zile. Katika nafasi hizo za asili hapakuwa na ya msimulizi wala ya mahali.

Basi faili iliyotoka katika simu ikiwa na tarakimu tu kwa jina, huangukia katika fungu la wasanii wasiojulikana. Zikifika mia moja, mwenye kuitafuta moja hana budi kuzifungua zote. Tena zikichanganywa na nyimbo, siku programu ikiachwa ijichagulie ya kupiga, hotuba ya mazishi huweza kusikika kati ya nyimbo mbili za dansi.

Kwanza, maneno yatengwe na muziki. Jellyfin huweka vitabu vya sauti katika maktaba ya vitabu. Katika Plex huundwa maktaba ya pekee, iliyo ya aina ya muziki, ikaamriwa ikumbuke msikilizaji alipoishia. Bila hivyo, asikilizaye somo la saa mbili huanza upya kila akikatizwa.

Kisha nafasi za kibandiko zipewe kazi mpya. Tuseme shule inakusanya masimulizi ya wazee, kama wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walivyofanya mwaka 1968 juu ya Vita vya Maji Maji. Jina la msimulizi litakaa mahali pa msanii, jina la mfululizo mahali pa albamu, mada mahali pa wimbo, kijiji na lugha katika maelezo. Hapa wengi hukwama: mfululizo wenye wasimulizi kumi huvunjika ukawa albamu kumi. Ipo nafasi nyingine, ya msanii wa albamu. Humo liandikwe jina moja kwa faili zote, kwa mfano jina la shule, na mfululizo utaungana.

Mpangilio wa herufi nao una hila zake. Wasimulizi wote wakiandikwa kwa kuanza na "Mzee", wote watajazana chini ya herufi M. Heshima hiyo na iandikwe baada ya jina. Programu nyingi hutanguliza 10 mbele ya 2, hivyo huandikwa 02. Tarehe nayo ianze na mwaka, yaani 2024-03-09, kama kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 isemavyo.

Jambo zito zaidi ni mahali maandishi hayo yanapokaa. Mtu akisahihisha jina ndani ya Plex, sahihisho huwekwa katika kumbukumbu ya Plex, si katika faili. Diski ya programu ikiharibika, au faili zikihamishiwa kwingine, kazi ya miezi hutoweka na sauti hubaki bila jina. Ni heri kuandika kwanza katika faili zenyewe kwa programu kama Mp3tag au Kid3, ndipo seva isome.

Hata kibandiko cha ndani huweza kufutika faili inapogeuzwa aina. Kwa hiyo anayerekodi hutanguliza kutaja, kwa mdomo wake, jina la msimulizi, mahali na tarehe, kabla ya swali la kwanza. Sekunde kumi hizo hunaswa pamoja na masimulizi yenyewe, wala hazihitaji programu yoyote kuzisoma.