Mvua Ikikatika, Ngoja

Theluji pekee inayoonekana Garissa ni ile inayoganda kwenye kuta za friji, nayo umeme ukikatika huyeyuka bila kudhuru mtu. Hata hivyo, dereva aliyesimama ukingoni mwa laga, ule mkondo wa mto wa msimu, na mtelezaji wa theluji aliyesimama kileleni katika milima ya Alps wanakabiliwa na mtego mmoja: mbingu iliyotakata.

Milimani, hatari ya maporomoko ya theluji huwa kubwa zaidi siku moja au mbili baada ya theluji mpya kuanguka, jua likiwaka na kila mtu akitamani kutoka. Tabaka jipya limelalia la zamani bila kushikana nalo, na uzito wa mtu mmoja watosha kuliporomosha. Wengi wanaofukiwa huwa wameyaanzisha maporomoko wenyewe, au mwenzao.

Kwetu, mvua inayotuumiza huenda isitulowanishe. Mto Tana hutoka Aberdare na Mlima Kenya, na kupita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kutufikia. Hayo yakijaa, ziada hushuka kwetu. Kukagua anga ya Garissa ni kubisha hodi wakati mwenye nyumba yuko Nyeri.

Tarehe 9 Aprili 2024, basi lilisombwa na mafuriko Tula, katika barabara ya Garissa. Abiria 51 waliokolewa. Tarehe 28 mwezi huo, boti ilipinduka Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo, nao Msalaba Mwekundu ukaokoa watu 23. Mafuriko hayaulizi leseni ya udereva wala ya unahodha.

Kwenye laga, tanboi, yaani msaidizi wa dereva, hushuka na fimbo kupima kina. Fimbo haisemi kasi, na kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huwa mara nne. Haisemi kama lami iliyo mbele bado ipo. Maji ya sentimita 60 tu hubeba magari mengi. Lakini lori lililotangulia limevuka, basi twende! Mtelezaji naye hufuata nyayo za mwenzake hivyo hivyo. Kwamba mteremko ulimvumilia wa kwanza si ahadi kwa wa kumi.

Laga yenyewe huacha ushahidi. Itazame mimea ya mathenge kiangazini: mifuko ya plastiki na nyasi kavu zimenasa matawini, kwa kimo cha dirisha la lori. Fimbo ya tanboi haifiki pale.