Jasusi Sonja na Wale wa Nyumbani Kwake

Nilimjua baba kabla ya kumjua binti. Sisi tuliofundisha elimu ya idadi ya watu tulilikuta mapema jina la Robert René Kuczynski, Mjerumani aliyekusanya na kuchambua takwimu za watu katika makoloni ya Uingereza. Buku la pili la kazi yake hiyo, lililotoka 1949, linagusa Afrika Mashariki, Tanganyika na Zanzibar zikiwemo. Ni buku zito. Pale ambapo ofisa wa kikoloni alikadiria tu idadi ya watu na kuiita hesabu, Kuczynski anamwambia msomaji waziwazi kwamba hayo ni makisio. Mwenyewe hakuliona likitoka, maana alifariki mwaka 1947.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mtu huyu alikuwa na binti aitwaye Ursula, na kwamba wakati baba akichambua takwimu za watu wetu, binti alikuwa vijijini Uingereza akipeleka Moscow siri za bomu la atomiki. Wakubwa wake walimwita Sonja. Tangu hapo nasoma kila ninachokipata juu yake, na kinachonivuta zaidi ni familia yake kuliko bomu. Nimelea watoto, nimeishi na mume, nimewahi kumwachia yaya mwanangu nikaenda kazini. Kwa hiyo kila nimsomapo Sonja najiuliza: kazi ile aliifanyia katika nyumba ya namna gani, na waliokuwamo humo iliwagharimu nini?

Nyumba yenye kichanga

Ursula alizaliwa Berlin tarehe 15 Mei 1907, mtoto wa pili kati ya sita, katika familia ya Kiyahudi yenye nafasi. Mama yake, Berta, alikuwa mchoraji. Ujerumani ya ujana wake ilijaa wasio na kazi, na alipofika miaka 19 alijiunga na Chama cha Kikomunisti. Mwaka 1929 aliolewa na Rudolf Hamburger, msanifu majengo, ambaye watu wa nyumbani walimwita Rudi. Mwaka uliofuata Rudi akapata kazi Shanghai, wakahamia China. Februari 1931 akazaliwa mtoto wao wa kwanza, Michael.

Huko Shanghai mwandishi wa Kimarekani, Agnes Smedley, alimkutanisha na Richard Sorge, aliyekuwa akiendesha mtandao wa idara ya ujasusi ya jeshi la Sovieti. Sorge alihitaji mahali pa kukutania, na nyumba ya mke wa msanifu majengo, mwenye kichanga na wageni wa kunywa chai, haikumtia shaka mtu. Watu wa Sorge walipanda ghorofani kuzungumza, Ursula akabaki chini akiangalia mlango. Katika mji ule Wakomunisti walikuwa wakikamatwa na kuuawa. Rudi, aliyekuwa akitoka asubuhi kwenda kazini, mwanzoni hakujua lolote.

Mwaka 1931 polisi wa Shanghai walimkamata mtu na mkewe waliojulikana kwa jina la Noulens, watumishi wa siri wa Komintern, umoja wa kimataifa wa vyama vya Kikomunisti, mtoto wao mdogo akabaki bila wazazi. Smedley alitaka Ursula amlee. Ursula alimhurumia mtoto, lakini kumpokea kungewaleta polisi mlangoni na kumaliza kazi yake. Alikataa, na urafiki wake na Smedley ukaingia ufa. Naona hapo ndipo alipopima kwa mara ya kwanza mtoto upande mmoja na kazi upande wa pili. Yule alikuwa mtoto wa watu. Zamu ya wa kwake haikukawia.

Mwaka 1933 idara ilimwita Moscow akajifunze kuunda mtambo wa redio kwa mikono yake na kutuma ujumbe kwa Morse. Michael hakuruhusiwa kwenda. Mzazi yeyote anajua mtoto wa miaka miwili anavyookota maneno: analisikia neno jioni, asubuhi analitamka mbele ya wageni. Michael angeokota Kirusi, na neno moja la Kirusi kinywani mwa mtoto Mjerumani lingetosha kumfichua mama yake. Basi akaachwa kwa babu na bibi wa upande wa baba, milimani Czechoslovakia. Mama alikaa Moscow zaidi ya nusu mwaka, na aliporudi ilibidi wazoeane upya. Katika kumbukumbu zake hafichi kwamba kumwacha kulimuuma. Hafichi pia kwamba alikwenda.

Baba wawili, yaya mmoja

Mwaka 1934 alitumwa Mukden, kaskazini mashariki mwa China, eneo ambalo Wajapani walikuwa wameliteka. Safari hii Michael alikwenda naye. Mwenzake kazini alikuwa Johann Patra, baharia kutoka nchi za Baltiki. Kazi yao ilikuwa kuwaunganisha wapiganaji wa Kichina na Moscow: kupokea taarifa zao, kuzigeuza kuwa mafungu ya tarakimu, kisha kuzituma usiku kwa mawimbi mafupi. Walinunua pia, kidogokidogo ili wasishtukiwe, kemikali ambazo wapiganaji walizitumia kutengenezea mabomu. Kukamatwa na Wajapani kungekuwa mateso na kifo. Mtambo ulikuwa ndani ya nyumba ileile aliyolala mtoto.

Ursula na Patra wakapendana, akashika mimba. Mtu wao mmoja alipokamatwa mwaka 1935, Moscow iliwaamuru waondoke haraka. Hapo Rudi alifanya jambo ambalo wanaume wengi wasingelifanya. Alijua mimba si yake, lakini hakumtupa mkewe. Alifuatana naye hadi kituo kipya, Poland, na Janina alipozaliwa Warsaw, Aprili 1936, alipewa jina la Hamburger. Nyumbani walimwita Nina.

Huko Poland akaja Olga Muth, waliyemwita Ollo, yaya aliyemlea Ursula mwenyewe utotoni Berlin. Familia ya Kuczynski ilikuwa imeshawakimbia Wanazi na kwenda London. Ollo, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alimfuata msichana wake ili amlelee wanawe. Nina akawa roho yake.

Mwaka 1938 Ursula alihamishiwa Uswisi, akapanga nyumba ya mlimani huko Caux, juu ya mji wa Montreux. Mchana alikuwa mama wa nyumbani, anafua, anapika, anatembea na watoto malishoni. Usiku wa manane, watoto wakilala, aliutoa mtambo mafichoni. Aliongoza pia Waingereza wawili waliopigana vita vya Hispania, Alexander Foote na Len Beurton, waliotumwa kuingia Ujerumani. Ollo aliyajua mengi ya hayo, kwa kuwa aliishi ndani yake.

Vita vilipoanza, pasipoti ya Kijerumani ya Myahudi ikawa kitanzi. Ursula alikuwa ameshaachana na Rudi kisheria, na mwaka 1940 akafunga ndoa na Len ili apate pasipoti ya Uingereza. Ndoa iliyofungwa kwa ajili ya karatasi iligeuka kuwa ndoa ya kweli, ikadumu hadi Len alipofariki mwaka 1997.

Ollo hakuwa na pasipoti ya namna hiyo. Alielewa kwamba Ursula akienda Uingereza yeye atabaki, na Nina ataondoka. Akaenda kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza pale Montreux kusema kwamba mama yule ni jasusi wa Moscow. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha na maneno yalimtoka kwa uchungu. Waliomsikiliza hawakumtilia maanani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Polisi wa Shanghai hawakumpata Sonja, wala Wajapani, wala Wanazi. Aliyekaribia kumwangamiza ni mwanamke aliyemuogesha alipokuwa mtoto. Na Ollo hakulipwa na mtu, wala hakuwa na siasa. Alichotaka ni asinyang'anywe mtoto. Ursula alipopata habari alimwondoa nyumbani, kisha akawapeleka watoto kwenye shule ya bweni ili wawe mbali naye. Nina alikuwa na miaka minne tu.

Baiskeli za Oxford

Mwisho wa 1940 Ursula aliondoka na watoto, akapita Ufaransa, Hispania na Ureno, akafika Uingereza mwanzoni mwa 1941. Aliishi kandokando ya Oxford, kwa muda katika nyumba ndogo nyuma ya ile ya mwanasheria Neville Laski, akaomba ruhusa ya kutundika waya wa antena. Nani angemkatalia mama mwenye watoto kusikiliza redio wakati wa vita?

Hapa familia nzima iliingia kazini. Baba yake, mtaalamu aliyeheshimiwa na serikali, alimsimulia aliyoyasikia kwa wakubwa, na yeye aliyafikisha Moscow. Kaka yake, Jürgen, mchumi, ndiye aliyemuunganisha Klaus Fuchs na Wasovieti. Fuchs alikuwa mwanafizikia Mjerumani, mkimbizi kama wao, aliyefanya kazi katika mradi wa siri wa bomu la atomiki. Tangu 1942 hadi Fuchs alipokwenda Marekani mwisho wa 1943, yeye na Ursula walikutana mashambani karibu na mji wa Banbury. Ursula aliegesha baiskeli yake, wakatembea wameshikana mikono kama wapenzi, kisha karatasi zikabadili mikono. Nyingi zilikuwa za hesabu na michoro asiyoielewa. Kwa miezi mingi kati ya hiyo alikuwa na mimba ya Peter, mwana wake na Len, aliyezaliwa Septemba 1943. Agosti 1949 Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza, na wanahistoria wanakubaliana kwamba habari za Fuchs ziliwafupishia njia.

Mwaka 1947, baada ya Foote kuwageuka Wasovieti na kueleza aliyoyajua, maofisa wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, walimgongea mlango kijijini Great Rollright. Walimweleza kwamba wanajua alivyofanya kazi Uswisi. Ursula aliwakaribisha chai na kukataa kuzungumzia yaliyopita. Wakaondoka. Machoni mwao alikuwa mama wa watoto watatu, mke wa Mwingereza.

Fuchs alikamatwa Februari 1950. Kabla kesi yake haijasikilizwa, Ursula aliwachukua Nina na Peter wakaruka kwenda Ujerumani, akaingia upande wa Mashariki. Len na Michael walifuata baadaye. Huko akawa mwandishi kwa jina la Ruth Werner, na mwaka 1977 akachapisha kumbukumbu zake, *Sonjas Rapport*. Alifariki Berlin mwaka 2000, akiwa na miaka 93.

Waliolipa

Watu humsifu kwa kuweza kubeba familia na ujasusi kwa pamoja. Nikizifuata tarehe moja baada ya nyingine, naona kwamba familia haikuwa mzigo wake wa pili. Familia ndiyo iliyokuwa kinga yake. Bila kichanga, nyumba ya Shanghai ingetazamwa kwa jicho jingine. Bila Rudi, mimba ya Mukden ingezua maswali. Bila Ollo asingepata usiku wa kutuma ujumbe. Bila Len asingefika Uingereza, na bila Jürgen asingekutana na Fuchs. Kwenye majalada ya MI5 anatajwa yeye. Kazi ilibebwa na nyumba nzima.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Rudi naye aliishia kuwatumikia Wasovieti kama jasusi. Alikamatwa China, akakamatwa tena Iran, na aliporudi Moscow mwaka 1943 waliomkamata ni walewale aliowatumikia. Alikaa kambi za kazi ngumu kwa takriban miaka 10, hakufika Ujerumani Mashariki hadi 1955. Michael alikulia China, Poland, Uswisi na Uingereza, kila nchi na lugha yake, kila mara akiwaacha marafiki bila kuelezwa sababu. Akaja kuwa mtaalamu na mfasiri wa Shakespeare. Yeye na wadogo zake waliijua habari kamili ya mama yao wakiwa watu wazima.

Namheshimu Ursula kwa kumpinga Hitler mapema, wakati mataifa makubwa yalikuwa bado yakipeana naye mikono. Siwezi kumheshimu kwa kuendelea kumtumikia Stalin baada ya wenzake wengi kupotea katika mauaji ya Stalin ya 1937 na 1938, na baada ya mkataba wake wa 1939 na Hitler huyohuyo. Lakini hayo aliyachagua mwenyewe, akijua hatari yake.

Wa nyumbani hawakuchagua. Michael hakuulizwa kama anataka kuachwa milimani. Nina hakuulizwa kama anataka kutenganishwa na Ollo. Ollo hakuulizwa chochote. Alihitajika, akatumika, kisha akawa hatari. Siamini kwamba Ursula hakuwapenda. Kila ukurasa wake unaonyesha aliwapenda, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu mapenzi yake yalikuwa ya kweli na kazi ikayatumia hivyohivyo. Vijana wetu husoma riwaya za majasusi wakaona bastola, magari na ujanja. Natamani wasome na haya: kwamba ujasusi hufanyiwa sebuleni, mbele ya mtoto na yaya, na kwamba hao ndio wanaostahili kuulizwa kwanza kama kazi ilikuwa na thamani ya bei yake.