Dakika mbili za kwanza: jinsi wanafunzi wanavyofungua filamu za kutisha

Ukiingia kibanda umiza jioni, filamu huanza watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Mmoja ananunua karanga, mwingine anabishania kiingilio. Halafu kitu kinatokea kwenye skrini na kibanda kizima kinanyamaza. Kisipotokea, watu wanaendelea na soga zao mpaka mwisho.

Vijana wengi wanaotusikiliza sasa wanarekodi filamu fupi kwa simu, na nyingi ni za kutisha. Swali wanalotuuliza zaidi ni moja: tuanzeje? Ili kulijibu tumelinganisha mianzo ya filamu tatu za nje zilizotengenezwa na wanafunzi, au na watu waliotoka vyuoni wakiwa bado hawana jina wala fedha.

Zoezi la Uingereza

Nchini Uingereza, wanafunzi wa sekondari ya juu wanaosoma somo la vyombo vya habari kwa miaka kadhaa walipewa zoezi hili na bodi ya mitihani ya OCR: tengeneza mwanzo wa filamu mpya, pamoja na majina ya waigizaji na watengenezaji, usiozidi dakika mbili. Filamu nzima haikuhitajika.

Wengi walichagua filamu ya kutisha au ya kusisimua. Tofauti yake ni hii: ya kutisha inakufanya uogope kitu chenyewe, ya kusisimua inakufanya uhangaike kujua nini kitafuata. Kazi nyingi za aina hii zinafanana: msitu, msichana anakimbia, mtu aliyejifunika uso, kisu. Si vibaya, ila mtazamaji ameshayaona yote. Sasa tazama wengine walivyofanya.

Bafu jeupe

Mwaka 1967 Martin Scorsese, aliyesomea filamu Chuo Kikuu cha New York, alitengeneza "The Big Shave", filamu ya dakika kama 6. Inaanza na bafu safi, jeupe, lisilo na mtu. Tunaona sinki na bomba linalong'aa, huku muziki wa zamani wa jazi ukipiga taratibu. Kisha kijana anaingia na kuanza kunyoa ndevu.

Hakuna cha kutisha hapo, lakini weupe ule unakufanya usubiri doa. Na doa linakuja: kijana anaendelea kunyoa hata baada ya ndevu kwisha, na damu inaanza kutoka. Muziki haubadiliki. Scorsese aliihusisha filamu hiyo na vita vya Marekani huko Vietnam, taifa linalojikata lenyewe.

Mtu mwenye kiatu

"Doodlebug" ya mwaka 1997 ni kazi ya Christopher Nolan, aliyesoma University College London kabla ya kuwa mwongozaji mkubwa. Ina dakika 3, haina rangi, na karibu yote inafanyika kwenye chumba kimoja kichafu. Inaanza na mwanamume mwenye kiatu mkononi akiwinda kitu kidogo sakafuni, ambacho sisi hatukioni vizuri.

Kila mtu amewahi kuwinda mende kwa kandambili. Ila huyu anaogopa kupita kiasi, na hapo ndipo unajiuliza: ni mdudu gani huyo? Jibu hatulisemi hapa, kitafute mwenyewe. Swali hilo moja linabeba filamu nzima.

Maneno kwenye skrini nyeusi

Ya tatu ni "The Blair Witch Project" ya mwaka 1999. Waongozaji wake, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, walisoma pamoja Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani. Inaanza na maandishi tu: Oktoba 1994 wanafunzi watatu wa filamu walipotea kwenye msitu wa Maryland wakirekodi habari, na mwaka mmoja baadaye picha zao zikapatikana. Baada ya hapo tunawaona wanafunzi hao wakiwa na furaha, wakifungasha na kununua chakula cha safari.

Wanacheka, lakini wewe umeshaambiwa kuwa hawatarudi, kwa hiyo kicheko chao ndicho kinachokuumiza. Waigizaji walishika kamera wenyewe, na cha msituni usiku kinasikika zaidi ya kuonekana. Filamu hiyo ya gharama ndogo iliingiza zaidi ya dola milioni 200.

Zinakutana wapi?

Zote tatu zinaanza na jambo la kawaida: kunyoa, kuwinda mdudu, kufunga mizigo. Zote zinaficha kitu, ila kila moja kwa namna yake. Ya kwanza inaficha kitakachotokea, ya pili inaficha mdudu mwenyewe, na ya tatu inakuambia mwisho lakini inaficha sababu. Na hakuna iliyohitaji vifaa vya gharama kubwa.

Sisi wa redio hilo tunalijua. Hodi ya saa nane usiku inatisha kuliko sura yoyote iliyopakwa rangi, kwa sababu msikilizaji anajichorea mwenyewe aliyesimama nje.

Tahadhari ya huku kwetu

Maandishi yale ya "Blair Witch" hayakuwa kweli, lakini wengi waliyaamini. Wakati wa kuitangaza filamu, waigizaji walitajwa kuwa wametoweka, na mama wa mwigizaji wa kike akatumiwa kadi za pole wakati binti yake yu hai. Mwanzo mzuri una nguvu ya kuaminiwa.

Hapa Kanda ya Ziwa nguvu hiyo si mchezo. Wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sasa fikiria filamu inayofunguka na maneno "kisa cha kweli", kisha inamwonyesha bibi mwenye macho mekundu mlangoni pake. Klipu hiyo itasambaa kwenye simu za watu wanaomfahamu bibi anayefanana naye. Wewe ulitaka dakika mbili za kutisha, yeye anabaki na hofu hiyo kila usiku. Na kama umeona, filamu zetu tatu zilitisha bila kumnyooshea jirani kidole.

Ukitaka kujaribu

Chagua kazi moja ya nyumbani: kuchota maji, kufunga zizi, kuchaji simu dukani. Irekodi kama ilivyo, simu ikiwa imetulia juu ya kiti. Kisha badilisha kitu kimoja tu. Ndoo iliyojaa imekutwa tupu. Ng'ombe wote wanatazama upande mmoja. Usieleze sababu.

Rekodi sauti mahali penye utulivu, maana upepo ukipiga kwenye simu utaharibu kila kitu. Ukimaliza, mwonyeshe mtu mmoja na umtazame usoni. Akiuliza "halafu?", umeshapata mwanzo.