Mguu Mmoja Darasani

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018, njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako ilipowashwa. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli na, kwa miaka michache, maji ya Tulila, ule mradi wa watawa wa Chipole kwenye Mto Ruvuma. Miaka minne baadaye, Agosti 2022, ikafanyika Sensa ya Watu na Makazi, na vishikwambi vilivyohesabia watu vikaishia mikononi mwa walimu. Kwa mwalimu wa kata kama Mjimwema, katika Manispaa ya Songea, visingizio viwili vikubwa vya kutotumia teknolojia darasani vilipungua nguvu ndani ya miaka mitano. Havikuisha, maana gridi kupita mjini ni jambo moja na soketi kuwepo kwenye ukuta wa darasa ni jingine. Lakini vilipungua vya kutosha kutuonyesha pengo la tatu: nani atamwonyesha mwalimu wa darasa la pili afanye nini na kishikwambi katika kipindi cha dakika 30, watoto wamebanana madawatini na wengine wao bado wanahangaika na silabi?

Maoni yangu ni kwamba mtu huyo awe mwalimu. Asiwe fundi wa kompyuta, wala ofisa anayeshuka kutoka mkoani na begi la semina. Awe mwalimu aliyeshika chaki miaka kadhaa, akapunguziwa vipindi ili awazungukie wenzake, na asiruhusiwe kuliacha darasa moja kwa moja. Nitamwita mwezeshaji, kwa kuwa neno hilo walimu wameshalizoea kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambako walimu wa shule moja hukaa pamoja na kusaidiana kwenye mada ngumu. Mbegu ya kazi hii basi imeshapandwa. Kilichobaki ni kuifanya iwe kazi ya mtu anayejulikana, mwenye siku zake na wajibu wake, badala ya jukumu la ziada linalomwangukia yeyote anayeonekana kuzijua simu.

Ushahidi upo, tena wa karibu nasi. Huko Kisumu, nchini Kenya, watafiti walilinganisha njia tatu za kuingiza vifaa katika ufundishaji wa kusoma: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu, kuwapa walimu vishikwambi, na kuwapa vishikwambi wale wakufunzi wanaowatembelea walimu shuleni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Vifaa havikuleta maajabu. Hakuna kundi lililoupita kwa tofauti ya maana mpango wa kawaida wa vitabu, mafunzo na ufuatiliaji usio na vifaa hivyo. Lakini miongoni mwa njia hizo tatu, ukipima faida kwa fedha iliyotumika, kishikwambi kilichokuwa mkononi mwa mkufunzi ndicho kilichozaa zaidi. Kenya ikachukua somo hilo katika mpango wa Tusome: wakufunzi wake wakapewa vishikwambi vya kurekodia vipindi walivyoviangalia, na nauli zao zikafungamanishwa na ziara zilizofanyika kweli. Peru ilikuwa imepita njia nyingine. Iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona nyongeza yoyote katika hisabati wala lugha. Kifaa bila mtu wa kukaa na mwalimu ni mzigo wa kufungiwa kabatini.

Kuna jambo linalofanya hali yetu iwe ngumu zaidi kidogo, na halisemwi mara nyingi. Kwa mwalimu wa Tanzania, teknolojia ilianzia ofisini. Kuna PReM ya usajili wa wanafunzi, kuna SIS ya taarifa za shule, na kwa kuwa yeye ni mtumishi wa umma kuna PEPMIS inayomtaka ajaze majukumu na utekelezaji wake. Kila mfumo una sababu yake. Lakini ukiijumlisha, kishikwambi kinakuwa kitu cha kudai taarifa, sura mpya ya bosi. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada bure, imo ndani ya kifaa hichohicho, ila mtu aliyetoka kupigana na nywila na mtandao unaokatika hana hamu ya kufungua ukurasa mwingine. Kazi ya kwanza ya mwezeshaji ni kukihamisha kifaa kutoka upande wa taarifa kukipeleka upande wa somo. Aanze na kidogo: picha ya mfumo wa mmeng'enyo badala ya mchoro wa haraka ubaoni, sauti ya msomaji mzuri kwa watoto wanaojifunza matamshi, andalio la somo linalohifadhiwa na kurekebishwa mwaka unaofuata badala ya kuandikwa upya. Akianza na makubwa atawapoteza.

Hapa ndipo uzoefu wa darasani unapolipa, na ndipo pia mwalimu anayehamia kazi hii anapoweza kukwama. Darasani amezoea kusema na kutiiwa. Kwa mwalimu mwenzake hana amri yoyote. Atakutana na mwalimu aliyefundisha miaka 25, anayemwita "mwanangu" kwa upendo na asiye tayari kuonekana mbele ya wanafunzi akibonyeza kitufe kisicho sahihi. Aibu hiyo si ujinga wala ukaidi. Heshima ya mwalimu mbele ya watoto ni nusu ya zana zake za kazi, na anayemwomba aihatarishe inabidi kwanza akubali kuhatarisha ya kwake: afundishe yeye kipindi, mwenye darasa akiwa amekaa nyuma, na projekta ikizima aendelee kwa chaki bila kutahayari. Halafu kuna historia. Kwa miaka mingi mgeni aliyeingia darasani na daftari alikuwa mkaguzi, na hata baada ya jina kubadilishwa kuwa mthibiti ubora, moyo wa mwalimu bado hustuka mlango unapofunguliwa. Mwezeshaji anayeandika tathmini na kuipeleka juu ameshapoteza kazi yake, hata kama mshahara unaendelea kuingia.

Pingamizi la kwanza ni zito. Shule zetu zina upungufu wa walimu. Kumtoa mzuri darasani ni kuwanyima watoto wa leo kwa ajili ya mpango wa kesho. Ni kweli, na sidhani litajibika kikamilifu. Ndiyo maana nasema mwezeshaji asitolewe moja kwa moja. Abaki na vipindi vyake siku mbili kwa wiki, na siku tatu azunguke katika shule za kata. Shule yake itaumia, na halmashauri ikubali hivyo waziwazi kwa kuipa kipaumbele kwenye ikama, isije ikawaachia wenzake mzigo kimyakimya. Faida ya mpangilio huo haiishii kwenye hesabu ya vipindi. Mwezeshaji anayefundisha bado anajua mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unavyokaa mbele ya watoto halisi. Aliyeacha kabisa, baada ya miaka miwili anabaki na slaidi.

Wengine watauliza afisa elimu kata yupo kwa kazi gani. Mwaka 2018 maofisa hao, wakiitwa bado waratibu elimu kata, waligawiwa pikipiki ili wazifikie shule, na lilikuwa jambo jema. Lakini afisa huyo anabeba mitihani, utoro, ujenzi wa madarasa, vikao na wageni. Zaidi ya hapo yeye ni kiongozi, na watu hawaungami udhaifu wao kwa kiongozi. Kuhusu wazo la kufundishana kwa mtandao na makundi ya WhatsApp, Afrika Kusini imeshatujaribia. Katika mkoa wa North West, walimu waliotembelewa darasani na mkufunzi waliinua usomaji wa wanafunzi karibu mara mbili ya walioitwa kwenye semina za pamoja. Huko Mpumalanga wakajaribu mkufunzi wa mbali, kwa simu na kishikwambi. Baada ya miaka mitatu yule wa ana kwa ana alikuwa mbele, na wa mbali hakuinua usomaji wa Kiingereza kabisa. Mtandao usaidie katikati ya ziara. Na kata ya mjini kama Mjimwema haina kisingizio cha umbali walicho nacho wenzao wa vijiji vya ndani.

Linalonitia shaka zaidi ni cheo. Mwalimu mkuu analipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, mkuu wa shule ya sekondari na afisa elimu kata shilingi 250,000. Mwezeshaji wa aina ninayoieleza hayumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo mwalimu bora anayetaka kupanda ngazi ataelekea ofisini, na tutabaki kuwabembeleza vijana wanaojitolea mpaka wachoke. Hatuwezi tena kusubiri wafadhili walijaze pengo hilo. Ruvuma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Tusome Pamoja, mradi wa Marekani wa kusoma na kuandika, na mwaka 2025 dunia nzima iliona fedha za misaada ya Marekani zinavyoweza kukatwa ndani ya wiki chache. Kazi inayotegemea mradi hufa na mradi.

Manispaa ya Songea ina kata 21. Sipendekezi zote zianze pamoja. Kabla ya kuagiza kifaa kingine chochote, halmashauri imteue mwalimu mmoja wa Mjimwema, imwandikie siku zake tatu kwa wiki, impe nauli na posho inayotajwa kwenye barua, imkataze kugusa PReM na printa za wakuu wa shule, kisha imwache miaka miwili. Watakaosema kama amefaa ni walimu aliokaa nao, na waulizwe bila mwezeshaji huyo kuwepo chumbani.